Nilipokwenda Ndabibi Kujifunza Kuhubiri

Kila ninayekutana naye sokoni Subukia ananishika mkono na kuniuliza, "Andrea, ilikuwaje huko?" Nikianza kusimulia, nusu wanacheka na nusu wanarudi nyuma hatua chache. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja, hasa kwa ajili yenu mliohamia Molo na Ol Kalou, ambao habari hii imewafikia ikiwa imepita kwenye midomo ya watu wengi mno. Sitawachosha na mambo ya pasi na mihuri. Kila aliyesafiri miaka hii ya Hali ya Hatari anazijua kero hizo. Nitawaeleza njia, watu, chakula, na yale mengine.

Wengine wenu hamkuwapo wakati wa Mzee Hezroni, kwa hiyo nianze naye. Alikuwa Mtaita, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele, na pengo hilo lilimfanya apige mluzi kidogo kila alipotamka neno "Yesu". Misheni ilimleta kuhubiri shambani kwetu Kabazi, na hakuwahi kujifunza Kikuyu. Yeye alihubiri kwa Kiswahili, na mimi nilisimama kuliani kwake nikiyageuza maneno yake kwa Kikuyu, kwa sababu wachuma maua ya pareto wengi walikuwa akina mama wa Kikuyu. Mimi ni Mmaragoli, lakini nilizaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba lile lile, na Kikuyu nilikijua kabla sijaota meno. Sentensi yake, sentensi yangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kusema mbele ya watu neno lililotoka kichwani mwangu, na sikuona kwamba nimekosa kitu.

Alipofariki, wazee wa kanisa waliona jambo ni rahisi. Andrea anayajua mahubiri yote, asimame yeye. Nikasimama. Nilisimama upande wangu ule ule wa kulia wa meza, nikafungua Biblia, nikangoja. Nilikuwa nangoja sentensi ya kwanza. Watu wakaniangalia, mimi nikaiangalia ile nafasi tupu kushotoni kwangu, mpaka mzee mmoja akaanzisha wimbo ili kunifichia aibu. Jumapili iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo, na iliyofuata tena. Nyapara akaanza kusema hadharani kwamba Bwana mwenye shamba anaitaka ile nyumba ya kanisa iwe stoo ya pareto, maana kanisa lisilo na mhubiri ni mabati yanayoliwa na kutu bure. Wazee wakaniita. Kulikuwa na mchungaji huko Ndabibi, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, aliyefundisha watu kusimama na kuhubiri. Wakaniambia, "Nenda. Ukirudi bado huwezi kusimama peke yako, nyumba tumeipoteza." Basi nikaenda.

Kutoka Kabazi: ukungu wa mteremkoni

Nilipanda lori la pareto asubuhi, juu ya magunia, pamoja na tanboi mmoja, msaidizi wa dereva, jina lake Wafula. Pareto kavu inawasha pua na kuleta usingizi. Tulipofika pale barabara inapopanda kuvuka ukingo wa bonde la Subukia, ukungu ulishuka mzito hata sikuiona mikono yangu vizuri, na lori likatelezea kwenye mtaro. Dereva alikuwa Mkamba mnene aliyependa kulaani vitu. Alilaani mtaro, akalaani ukungu, akawalaani waliotengeneza barabara, kisha akakumbuka kwamba amebeba mtu wa kanisa.

"Mwalimu," aliniita kutoka chini, "hii mahali ndio ya kuomba. Wacha kukaa huko juu kama gunia."

Nikashuka. Tuliinamisha vichwa, mimi na Wafula upande mmoja wa lori, dereva akiwa ndani anajaribu kuliwasha. Nikafumba macho, na kilekile cha kanisani kikanipata. Sikupata pa kuanzia. Nilisimama tu nikisikia maji yanadondoka kutoka kwenye miti. Nilikuwa nikijiuliza nitadanganya vipi wakati Wafula aliposema kwa sauti, "Amina," akafuta macho yake kwa kofia.

"Umeomba vizuri sana, mwalimu," aliniambia. "Ile ya mwisho imeniingia kabisa."

Nilijua ananidhihaki, na nikakasirika. Nilimwambia mtu asiyeweza kuheshimu maombi afadhali asukume lori. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyetukanwa bila sababu, na mpaka tunaingia Nakuru hakunisemesha tena. Hasira ilinizuia kuuliza hiyo "ya mwisho" ilikuwa maneno gani. Najuta kwamba sikumwuliza, maana sijamwona tena.

Nakuru: vumbi jeupe

Nakuru nilipaona kama mji uliomwagiwa unga. Ziwa lilikuwa limekauka kwa ukame, na upepo ulikuwa ukiyapeperusha yale magadi yake na kuyatawanya mitaani, yakakaa kwenye nyusi, kwenye mikate, kwenye maji ya kunywa. Watu walitokeza ghafla kutoka kwenye weupe ule, nyuso zao nyeupe, wakakupita bila kusema, wakapotea. Gari la moshi lilikuwa limechelewa huko Molo na hakuna aliyejua litafika lini. Nikaingia kwenye hoteli moja huko lokesheni, mtaa wa Waafrika, zaidi kukimbia vumbi kuliko kufuata chakula.

Lakini chakula chenyewe kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Maharagwe yaliyoungwa kwa mafuta ya ng'ombe, chapati nene, na chai ya maziwa mengi. Mama mwenye hoteli alikuwa mtu wa mazungumzo. Alinieleza habari za macho yake yanavyouma kwa sababu ya vumbi na habari za binti yake aliyeolewa Njoro. Huku akisema aliweka vikombe viwili vya chai mbele yangu, kimoja upande wangu na kimoja kushotoni, mbele ya kiti kitupu.

"Mama, mimi ni mmoja," nilimwambia.

"Na mzee je?"

"Mzee gani?"

"Huyu mmeingia na yeye. Iko na koti nyeusi. Ametoka nje?" Alichungulia mlangoni. "Mwambie arudi, chai itapoa."

Nilimweleza kwamba nimetoka Kabazi peke yangu na simjui mtu mwenye koti jeusi. Niliposema hivyo nilijua nimesema uongo, kwa sababu Hezroni tulimzika na koti lake jeusi. Yule mama hakubishana. Alikiangalia kile kiti, akachukua kikombe kwa vidole viwili na kwenda kukimwaga nje, mbali na mlango. Aliporudi hakuzungumza tena habari za binti yake. Alinifungia chapati iliyobaki kwenye karatasi akaniambia nikaile stesheni.

Nilijiambia kwamba ni vumbi. Mtu mwenye macho mabovu, mji mzima ni mweupe, ataona wazee wengi tu.

Gari la moshi: kusimama kabla ya Gilgil

Kwenye behewa la daraja la tatu nilipata nafasi karibu na mama mmoja wa Kijaluo aliyekuwa akienda Nairobi kwa mumewe, na mtoto mchanga, na kikapu cha samaki wa kukaushwa kilichojaza behewa zima harufu yake. Tulipopita Elmenteita watu walikuwa bado wanapiga kelele na kucheka. Kisha, kabla ya Gilgil, gari likasimama. Hakuna stesheni pale, ni majani makavu tu na miti ile ya mikono mingi isiyo na majani, inayosimama kama watu walioinua mikono juu. Wakasema injini ina ugonjwa. Joto likapanda. Mmoja mmoja watu wakaacha kuzungumza, wengine wakasinzia, na ukimya ukawa mkubwa hata nikasikia mabati ya behewa yakilia kwa jua.

Nilikuwa nimekaa nimefunga mdomo. Nasema haya kwa mkazo: sikuwa nikijisomea, wala sikuwa nikinong'ona.

Yule mama akanigusa goti. "Baba, tafadhali. Ambia huyo mzee apunguze sauti kidogo. Mutoto ndio amelala sasa."

Nikamwuliza ni mzee gani, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua.

"Huyu wa dirishani." Hakumwangalia, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa. Dirishani, kushotoni kwangu, kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyeikalia ingawa watu walikuwa wamesimama. "Si kwa ubaya, baba. Anasema maneno mazuri. Lakini iko neno moja anarudia, anarudia."

"Neno gani?"

"Aliyechoka aje hapa nilipo."

Mnaomkumbuka Hezroni mnajua. Ndivyo alivyomaliza kila mahubiri. Aliyechoka aje hapa nilipo, akinyoosha mkono, na watu wakatoka kwenye viti kwenda kupiga magoti mbele yake. Sentensi ile niliitafsiri kuliko sentensi nyingine yoyote duniani. Niliogopa sana. Sikuthubutu kugeuza shingo kuelekea dirishani. Nilimwambia yule mama, "Atanyamaza," kwa kuwa sikujua la kusema jingine, naye akanishukuru na kunipa kipande cha samaki. Nikala. Injini ikapona, tukaondoka.

Naivasha hadi Ndabibi: trekta la majani

Naivasha nililala kwa jamaa wa kanisa, na asubuhi nikapata trekta lililokuwa likipeleka majani ya ng'ombe ng'ambo ya ziwa. Dereva wake alikuwa mtu wa dini nyingine kabisa, dini ya kutozungumza, na siku ile nilimpenda kwa ajili hiyo. Hakuniuliza tuko wangapi. Baridi ilikuwa kali na upande wa mlima Eburu mvuke ulikuwa ukitoka ardhini hapa na pale, kimya kimya, kama pumzi ya ng'ombe asubuhi. Njia ilikuwa mbaya na tairi likapasuka, tukakaa sana kandoni tukila ile chapati ya Nakuru, ambayo ilikuwa imekuwa ngumu na bado ina chembe za magadi. Nilisali njiani, kwa moyo tu. Nilimwambia Mungu kwamba nakwenda kujifunza kusema, na kama kuna mtu mwingine aliyepanda bila kualikwa, amshushe.

Banda la kondoo

Shule yenyewe ilikuwa banda la kunyolea kondoo ambalo mwenye shamba aliliazima kwa misheni wakati hakuna kazi. Sakafu ilikuwa laini kwa mafuta ya sufu, na ukitembea haraka unateleza. Mwalimu wetu, Mchungaji Yona, alikuwa zamani gadi wa gari la moshi, na sauti yake aliipata kwa kutangaza majina ya stesheni. Alikuwa mkali na mchekeshaji. Alitufundisha kuvuta pumzi tumboni, siyo kifuani. Alitukataza kuishika Biblia kama ngao. "Mtazame mtu wa mwisho kabisa," alisema, "yule aliyekaa karibu na mlango ili atoroke. Huyo ndiye unamhubiria." Alichukia sana mtu kuishusha sauti mwishoni mwa sentensi. Alisema sentensi ina mkia, na mkia ndio unaobeba habari, na wahubiri wengi wanaukata.

Siku ya kwanza alitupeleka korongoni, kila mtu na mwenzake. Mmoja anasimama ukingo huu, mwingine ukingo wa pili, na unahubiri bila kupiga kelele. Mwenzako akiisikia sentensi yako mpaka mwisho, anainua mkono. Mimi nilipewa Barnaba, Mkipsigis wa Molo, mtu mkubwa wa kucheka. Alivuka akasimama ng'ambo, mdogo kule mbali na shati lake jeupe.

Nikavuta pumzi tumboni kama nilivyofundishwa. Nikafungua mdomo, na hapakuwa na kitu. Nikasimama nikitafuta mwanzo.

Barnaba akainua mkono.

Nikadhani ananipungia kunitia moyo. Akaushusha. Baada ya muda wa kusema sentensi moja, akauinua tena. Akaushusha, akauinua. Alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayekubali jambo jema. Na hapo, kwa mara ya kwanza, na mimi nikasikia. Ilikuwa kushotoni kwangu, karibu kabisa, pale ilipokuwa siku zote: sauti ya Hezroni na ule mluzi wake mdogo. Alikuwa anahubiri habari za mwana aliyepotea, kwa mwendo wake ule ule wa taratibu, akimaliza sentensi kisha akingoja.

Alikuwa ananingoja mimi.

Sitawaficha nilivyojisikia. Nilifurahi. Mwili ulinisisimka kwa woga, na juu ya woga ule nikafurahi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta moto umewashwa. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Sentensi yake, sentensi yangu, moja baada ya nyingine, bila kukwama, mpaka machozi yakanitoka.

Barnaba alirudi akihema. "Andrea, wewe ni fundi! Lakini kwa nini unachanganya? Ile Kiswahili nasikia yote. Halafu unaweka Kikuyu katikati, na mimi Kikuyu sijui kitu."

Mchungaji Yona alikuwa nyuma yetu. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Hakucheka. Alinitazama jinsi nilivyosimama, kichwa kimeinamia kushoto, na nafasi ya mtu mmoja imeachwa kwenye ukingo wa korongo.

"Unamtafsiria nani?" aliniuliza.

Nikamweleza yote, lori, chai, gari la moshi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo wakati ule liliniudhi. Alisema hajui mambo ya wafu na hataki kuyajua, lakini anawajua wakalimani. "Mkalimani mzuri amejifundisha kuwa hayupo," alisema. "Wewe umejifundisha sana. Sasa nyumba iko wazi, mtu ameingia. Mimi sikushangaa. Lakini Andrea, mkalimani hana lawama. Neno likiwa baya, si lake. Mhubiri ndiye anaanza, na ndiye anajibu."

"Lakini mchungaji, nikiwa naye nahubiri vizuri," nilimwambia.

"Ndiyo. Nimesikia." Akafuta paji la uso. "Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Juma lile lote nilijifunza pumzi, nilijifunza macho, nilijifunza mkia wa sentensi. Kila nilipoambiwa nianze, nilingoja, na kila nilipongoja, alikuja. Wenzangu walianza kukaa mbali kidogo na upande wangu wa kushoto wakati wa kula. Hakuna aliyesema kwa nini. Barnaba aliacha kunicheka. Na mimi, siku zilivyopita, nilianza kufikiri: kuna ubaya gani? Nyumba ya kanisa itabaki kanisa. Watu wa Kabazi watapata mahubiri ya Hezroni kama zamani. Nani ataumia?

Jumapili chini ya mti wa mkuyu

Hapana, nimekosea, haukuwa mkuyu, ulikuwa mgunga mkubwa wa manjano karibu na josho la ng'ombe. Hapo ndipo wafanyakazi wa shamba walipokutana Jumapili, na hapo ndipo kila mwanafunzi alipaswa kuhubiri ili Mchungaji Yona aamue kama atamwandikia wazee wake kwamba anafaa. Wasikilizaji wengi walikuwa Wamaasai wachunga ng'ombe na wake zao. Mchungaji aliniita kando kabla ya zamu yangu.

"Leo wewe utasema Kiswahili, na Mama Nasieku atakutafsiria kwa Kimaasai. Umeelewa? Leo wewe ndiye wa kwanza. Ukinyamaza, naye atanyamaza. Hakuna mwingine wa kumfuata."

Nasieku alikuwa mama wa makamo, mwenye kitambaa cheupe cha kanisa na shanga chini yake, mkalimani wa siku nyingi. Alisimama kuliani kwangu, ameinamisha kichwa kuelekea kwangu. Niliijua ile namna ya kuinama. Ilikuwa yangu. Jua lilikuwa la saa ya kabla ya adhuhuri, hakuna upepo, ng'ombe wamelala. Nikavuta pumzi. Nikamtafuta mtu wa mwisho. Alikuwa mzee mmoja mgonjwa aliyeegemea josho, amejifunika blanketi, mwembamba mno. Nikafungua mdomo, na kabla sijapata mwanzo, Nasieku akaanza kutafsiri.

Sikuwa nimesema neno.

Alitafsiri sentensi nzima, vizuri, kwa sauti ya wazi. Akanyamaza akangoja, macho yameelekea, siyo kwangu, bali kupita kifua changu, kushoto. Kisha akatafsiri tena. Watu walikuwa wanasikiliza kwa macho mapana. Nami nilimsikia Hezroni akihubiri, na katikati yao wawili nilisimama mimi kama mlango uliofunguliwa, sina kazi, hakuna aliyenihitaji. Hata kuwa mkalimani wake sikuwa tena. Nilishikwa na huzuni ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nilitaka ageuke aniambie neno moja mimi mwenyewe. Hakugeuka.

Hakukawia. Alifika mwisho wake upesi kuliko alivyokuwa akifanya alipokuwa hai, kana kwamba mahubiri yalikuwa njia tu ya kufikia pale. Akasema, "Aliyechoka aje hapa nilipo." Nasieku akatafsiri.

Yule mzee mgonjwa akasimama.

Aliacha blanketi lianguke. Akaanza kuja, polepole, watu wakimpisha, na uso wake ulikuwa na raha kama ya mtu anayekwenda kulala. Hakuwa akija kwangu. Alikuwa anakwenda kushotoni kwangu, kwenye majani matupu. Mwanamke mmoja, nadhani binti yake, akamshika shuka, naye akautoa mkono wake kwa upole. Hezroni akasema tena, na sasa sauti ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia alipokuwa hai. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona baridi, mpweke, anayetaka mwenzake. "Aliyechoka aje hapa nilipo." Na nikaelewa hapo alipo ni wapi.

"Kaa chini, baba!" nikasema.

Ilitoka kwa nguvu, kutoka tumboni. Nasieku akashtuka, akageuza kichwa akanitazama kana kwamba nimetokea wakati ule. Mzee alikuwa bado anatembea.

"Kaa chini, baba. Huyo anayekuita si Yesu. Ni rafiki yangu, na amekufa. Mwambie, mama! Tafsiri!"

Alitafsiri. Mzee akasimama. Kwa kitambo alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale mahali, akiangalia majani. Nikageuka kushoto, jambo ambalo sikuthubutu kulifanya safari nzima. Sikuona mtu. Nikasema kwa ile nafasi, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mazungumzo ya mezani tu: "Mzee Hezroni, umefanya kazi. Pumzika. Hawa ni wangu sasa." Nasieku, kwa mazoea ya ukalimani, akalitafsiri na hilo, na watu wote wakalisikia.

Binti akamfikia baba yake na kumketisha chini. Nami nikahubiri. Nilihubiri vibaya. Nilirudia maneno, nilikata mikia ya sentensi zote, mkono mmoja ulikuwa mfukoni muda wote. Nilisema kwamba Mungu anawataka watu wakiwa hai na miguu yao, na kwamba aliyechoka akae hapa hapa katikati yetu tumletee maji. Sikuwa na la zaidi. Mtu mmoja akamletea mzee maji kwa kibuyu, akanywa. Ndiyo yakawa mahubiri.

Mchungaji Yona alinihesabia makosa yangu yote njiani kurudi bandani, na yalikuwa mengi. Kisha akasema ataandika kwamba naweza kusimama. Barnaba alikuja kukaa kushotoni kwangu kula, akaniomba chumvi.

Kurudi Kabazi

Safari ya kurudi haina habari. Gari halikuchelewa, Nakuru hakukuwa na upepo, na kila mahali nilipewa kikombe kimoja.

Jumapili nilisimama katika nyumba yetu ya mabati, nyapara akiwa amejiweka mlangoni kuona. Nilisimama katikati ya meza. Nilisema kwa Kikuyu, kwa maneno yangu, kwa kifupi. Akina mama wengine walilalamika kwamba wametembea mbali kwa mahubiri mafupi namna ile, na mzee mmoja alisema nina sauti ya fundi cherehani. Lakini walisema hayo wakiwa wanacheka, na nyapara aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Pareto bado inawekwa kwenye stoo yake ya zamani.

Watu walipokwisha kutoka, alibaki Mama Doreka peke yake kwenye benchi. Ni mjane wa Hezroni. Hakuwahi kurudi Taita baada ya kumzika. Nilikwenda kumsalimu, nikidhani atanipongeza, au atalia kidogo kama wanavyofanya wajane.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Andrea, leo sikumsikia," alisema.

"Leo nimehubiri mimi, mama."

"Najua. Umefanya vizuri." Aliendelea kunishika. "Lakini zile Jumapili ulisimama hapa kimya, watu wakakuonea haya, mimi nilikuwa nasikia kila kitu. Nilikuwa nakuja kwa sababu ya hiyo." Akaangalia upande wa kushoto wa meza, kisha akanitazama tena, bila hasira yoyote. "Umemwacha wapi?"

Sikuweza kumdanganya. "Ndabibi, mama. Karibu na ziwa."

Akavuta leso yake mabegani.

"Huko kuna baridi?" aliniuliza.

Nikamwambia hapana, siyo sana.